Jina Jipya na Hukumu ya Barazani

(Yafuatayo ni maneno kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mashabiki na viongozi wa klabu za soka, Mjini Unguja.)



Nimeombwa nizungumze juu ya usajili wa wachezaji. Kwa kuwa wengi waliohudhuria ni mashabiki, wala si mawakala au wanasheria, nimeona niuache usajili wenyewe kwa wenye kazi yao, nami nizungumze juu ya yale tunayoyafanya sisi wakati jina la mchezaji mpya linapotangazwa. Jambo hilo huchukua dakika chache tu, lakini limekwisha kuwa nusu ya mchezo. Wapo watu katika mji huu ambao hawajaingia Uwanja wa Amaan kwa msimu mzima, nao hawakosi hata usiku mmoja wa kutangazwa wachezaji.

Hali yenyewe mnaijua. Ni mwezi wa Julai, dirisha la usajili liko wazi, na sala ya Isha imekwisha. Watu wamekaa barazani, iwe ni Jaws Corner, iwe ni Malindi, Kikwajuni au Michenzani. Hapa bao, pale dhumna, na muuza kahawa anapita na dele lake. Mazungumzo ni ya bei ya unga, ya mvua iliyokataa kunyesha, ya fulani aliyeoa. Mara kijana mmoja mwenye simu anapaza sauti: "Wametangaza!" Basi kete zinabaki hewani. Mwenye dhumna analaza vipande vyake kifudifudi. Simu inapita mkono kwa mkono kama mwenge, na mzee asiyeona maandishi madogo anaomba asomewe. Jina linasomwa mara moja, linasomwa mara ya pili, kwa sababu aghalabu ni jina la mbali ambalo ulimi wetu haujalizoea. Kisha panakuwa na kimya kidogo.

Kimya hicho, ndugu zangu, ndicho ninachotaka tukitazame. Ni kimya cha watu ambao hawamjui aliyetajwa. Wangelikuwa wanamjua, wangelisema papo hapo. Lakini hakidumu. Mmoja atauliza, "Ametoka wapi?" Mwingine atajibu, kwa kubahatisha au kwa kusoma, kwamba ametoka Abidjan au Lusaka au Kinshasa. Wa tatu atafungua picha za kusogea za mchezaji huyo, dakika mbili hivi, anafunga, anapiga chenga, anafunga tena. Na kabla kahawa haijapoa hukumu imekwisha kutolewa: "Huyu ni mashine," ama "Huyu ni galasa." Wenye jezi nyekundu wanapongezana, wenye njano na kijani wanacheka, ama kinyume chake. Wengine hutoa hukumu zote mbili, ya kwanza wakiwa na watu wa timu yao, na ya pili wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Sisemi haya kwa dharau. Usiku kama huo una raha yake, na katika mji ambao watu wake wameishi barazani tangu enzi na enzi, habari isiyojadiliwa pamoja huwa kama haikutokea. Aliye peke yake chumbani na simu yake hakupata habari. Alipata maandishi tu. Wala desturi hii si ngeni kwetu. Zanzibar imeshindana na majirani zake tangu ilipoingia katika Kombe la Gossage mwaka 1949, kombe ambalo Kenya na Uganda walilianzisha mwaka 1926, na ambalo mashindano ya CECAFA ya leo yametokana nalo. Tangu wakati huo, kila timu ilipoteuliwa, watu waliteta. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi orodha ya wachezaji ilivyosubiriwa redioni, na jinsi lilivyotajwa jina la mtu wa Vikokotoni watu wa Malindi wakaguna, na likatajwa la mtu wa Malindi watu wa Ng'ambo wakasema kamati imepofuka.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa kati ya kuguna kule na kuguna kwa leo. Yule aliyetajwa redioni alikuwa jirani. Waliomguna walikuwa wamemwona Mnazi Mmoja akicheza katika tope na katika jua. Walijua mguu wake wa kushoto ni wa kusimamia tu. Walijua kwamba akitukanwa hupandisha hasira na kuharibu mchezo. Walijua anaamkia kazini saa ngapi na kwa hiyo dakika ya 70 pumzi zake zitakuwaje. Maneno yao yalikuwa makali, lakini yalikuwa na mizizi. Sisi leo tunamhukumu mgeni ambaye hatujamwona akicheza hata mpira mmoja wa dakika 90, na ushahidi wetu ni zile dakika mbili alizozichagua wakala wake. Nani atakayeweka humo mipira aliyoipoteza? Mimi mwenyewe, kwa umri huu na kitambi hiki, nikipewa fundi hodari wa kukata picha, nitaonekana mshambuliaji.

Tuchukue mfano tunaoukumbuka sote. Tarehe 1 Julai 2024 Yanga walimtangaza Clatous Chama, kiungo wa Zambia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa roho ya Simba. Sidhani kama pana baraza lililolala mapema usiku ule. Kwa watu wa Msimbazi ulikuwa msiba. Kwa watu wa Jangwani ilikuwa sikukuu. Katika dirisha hilo hilo Simba walileta vijana wengi wasiojulikana, miongoni mwao Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast na Joshua Mutale, naye Mzambia. Walipotajwa, wengi wa mashabiki wao walikuwa bado wanafuta machozi ya Chama, na majina hayo waliyapokea kama mtu anavyopokea shuka badala ya blanketi.

Msimu ukaenda. Ahoua akamaliza akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa mabao 16. Simba wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Na kwa kuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa haukukubaliwa na CAF, mchezo wa marudiano ukaletwa hapa kwetu Amaan, tarehe 25 Mei 2025. Simba walikuwa wamefungwa mabao 2-0 ugenini. Bao lao la matumaini, katika dakika za mwanzo za mchezo ule, lilifungwa na Mutale. Mchezo ulikwisha 1-1 na kombe likaenda Berkane, lakini waliokuwamo uwanjani wanajua kelele za bao lile zilifika wapi. Je, koo hizo hazikuwa zile zile zilizosema mwezi Julai kwamba timu imeuawa? Ligi, kweli, waliichukua Yanga, kwa hiyo waliosherehekea mwezi Julai nao hawakukosa cha kusherehekea mwezi Juni. Hukumu za usiku ule zilikuwa na bahati ya kupata nusu ya haki kila upande, nalo ni jambo la kawaida kwa mtu anayepiga ramli.

Upo mfano wa karibu zaidi, wa mtoto wa nyumbani. Mwezi Januari 2022 Yanga walimsajili beki kutoka KMKM, Ibrahim Hamad, tunayemwita Bacca. Huko bara walikuwa wachache waliokuwa wakimjua. Hakuja na sifa za Abidjan wala za Kinshasa. Alitoka katika ligi ambayo hata sisi wenye nayo hatuiangalii. Lakini Bacca akawa nguzo. Alikuwamo katika kikosi cha Yanga kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ambapo USM Alger walishinda 2-1 Dar es Salaam, Yanga wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likapotea kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Sasa nauliza: wangapi kati yetu tuliokaa hapa tulikwenda kumtazama Bacca akicheza na KMKM? Alikuwa mwendo wa daladala moja kutoka nyumbani kwetu. Tulimgundua alipovuka bahari, kwenye simu, pamoja na watu wa Mwanza na Mbeya.

Mtaniruhusu nivuke bahari nami kidogo. Nchini Marekani upo mchezo wauitao futiboli, ingawa mpira wake si wa mviringo na huchezwa kwa mkono zaidi kuliko mguu. Huko wachezaji chipukizi wanaotoka vyuoni hawasajiliwi kwa kuporana. Kila mwaka klabu zote hukaa pamoja na kuteua mmoja baada ya mwingine, na klabu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inayotangulia kuchagua. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 katika mji wa Philadelphia, kwa shauri la Bert Bell, mwenye klabu ya Eagles, ambayo wakati huo ilikuwa dhaifu kabisa. Mchezaji wa kwanza kuteuliwa katika historia, Jay Berwanger, hakucheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Tangu mwaka 1980 shughuli hiyo huonyeshwa kwenye televisheni, na mashabiki hufika kwa maelfu, wamejipaka rangi nyuso, kusikiliza majina tu. Wanashangilia na kuzomea papo hapo, kama sisi.

Mwaka 1999 mashabiki wa Eagles walisafiri hadi New York wakitaka timu yao imteue mkimbiaji mmoja waliyempenda, Ricky Williams. Likatajwa jina la Donovan McNabb. Wakamzomea kijana wa watu mbele ya taifa zima, siku ambayo pengine alikuwa ameiota tangu utotoni. McNabb huyo ndiye aliyeiongoza klabu hiyo hiyo hadi fainali kuu ya nchi yao mwezi Februari 2005. Na mwaka uliofuata baada ya yeye kuzomewa, yaani mwaka 2000, waliteuliwa watu 198 kabla hajatajwa mmoja aitwaye Tom Brady, ambaye alikuja kutwaa ubingwa mara saba. Ikiwa wale wenye vipimo vya mbio, mizani ya uzito na watafiti wa kulipwa hukosea hivyo, basi sisi na dele la kahawa tusijivune sana.

Lakini sikuutaja mfano wa Marekani kwa ajili ya kuzomea peke yake. Yanayonivuta zaidi ni yale maneno kwamba aliye dhaifu hutangulia kuchagua. Nchi ile ya mabepari wakubwa, katika mchezo wake mkubwa, imeona kwamba mwenye nguvu akiachiwa achukue kila anachotaka, ligi itakufa, na ligi ikifa hata mwenye nguvu hatakuwa na wa kucheza naye. Sisi utaratibu wetu ni kinyume. Aliye na fedha huchagua kwanza, huchagua pili, na huchagua tatu. Aliye dhaifu hulea, kisha huchaguliwa. Sisemi kwamba tuige mfumo wao. Soka la dunia halina vyuo vya kulelea wachezaji kama vya kwao, na mchezaji wetu ana haki ya kwenda anakolipwa vizuri; asiyekubali haki hiyo na amlipe yeye. Nasema tu kwamba, katika dakika zile za kushangilia jina jipya, hakuna anayeuliza jina hilo limeng'olewa wapi na pale lilipong'olewa pamebaki nini.

Na hapa nataka tuongee kwa uwazi, kwa sababu tumo wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 13 Januari 2024, katika Uwanja wa Amaan uliokuwa umefunguliwa upya wiki mbili tu kabla baada ya kukarabatiwa, Mlandege walicheza na Simba katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Mlandege ni mtaa. Unaweza kuuvuka kwa miguu kabla sigara haijaisha. Klabu ya mtaa huo ilikuwa bingwa mtetezi, maana mwaka 2023 iliifunga Singida Big Stars 2-1 katika fainali. Na siku hiyo iliifunga Simba, klabu yenye umri tangu mwaka 1936 na yenye bajeti ambayo Mlandege haiwezi hata kuiota, bao 1-0. Katika nchi nyingine, usiku kama huo watu wangelilala barabarani kwa furaha. Wako waliofurahi, nami niliwaona. Lakini wako pia miongoni mwetu, wazaliwa wa Unguja, wana wa Ng'ambo, waliotoka uwanjani wameinamisha vichwa kwa sababu timu yao imefungwa. Timu yao, yaani ile ya Msimbazi.

Simlaumu mtu kwa mapenzi yake. Mapenzi ya Simba na Yanga yameingia visiwani zamani, yamepita kutoka baba kwenda mwana, na yametuunganisha na ndugu zetu wa bara kwa nyuzi ambazo mikutano mingi isingeliweza kuzisuka. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Songea wakikutana katika meli, hawana la kuanzia isipokuwa hilo, na mpaka wafike Bandari ya Malindi wamekwisha kuwa marafiki au mahasimu. Lakini mwenye mapenzi mawili anapaswa angalau kujua kwamba anayo mawili. Leo vijana wetu wanajua jina la kocha msaidizi wa viungo wa Yanga, na hawajui nahodha wa JKU ni nani. Klabu ya Malindi, ambayo zamani katika Ligi ya Muungano ilizitetemesha klabu za bara na kutwaa ubingwa, leo inasajili wachezaji wake katika ukimya ambao hata muuza kahawa aliye nje ya mlango wa klabu hausikii ukivunjwa.

Ukimya huo una gharama yake. Klabu zetu ni za namna mbili. Zipo za vikosi, kama KMKM na JKU, ambazo mchezaji wake aghalabu ni askari na ana mshahara wake wa mwezi. Na zipo za mitaa, kama Malindi na Mlandege, ambazo huishi kwa michango na kwa moyo wa watu wachache. Zote mbili hulea vijana. Feisal Salum alitoka JKU. Bacca alitoka KMKM. Nadir Haroub, tuliyempa jina la Cannavaro, alikuwa mwana wa visiwa hivi kabla hajawa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Kanuni za shirikisho la soka la dunia zinaagiza kila chama cha taifa kiwe na utaratibu wa kuzituza klabu zilizomlea mchezaji anapohama, na sababu yake ni wazi: kijana halelewi kwa upepo. Lakini mashabiki wasiojua kijana ametoka wapi hawawezi kuuliza kama aliyemlea amelipwa. Viongozi hawaulizwi, na wasioulizwa hawajibu.

Sasa nimelitaja jina la Feisal, na najua nimechokoza nyuki. Kijana huyu alijiunga na Yanga mwaka 2018. Nyote mlimshangilia; hata watu wa Simba wa huku visiwani walimshangilia kwa siri, kwa kuwa ni wetu. Mwezi Desemba 2022 akasema anauvunja mkataba wake, akaiwekea klabu shilingi milioni 112. Klabu ikakataa. Kamati ya TFF ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa miezi bila kucheza. Tarehe 5 Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaandalia Yanga chakula Ikulu, Dar es Salaam, baada ya fainali yao ya Afrika, aliwaomba viongozi wa klabu wayamalize mambo hayo na kijana. Na siku chache baadaye Feisal akahamia Azam.

Katika mzozo ule kulikuwa na maswali halisi. Mkataba unavunjwaje? Mchezaji anaposaini, anasomewa na nani? Je, alikuwa na mtu wa kumshauri siku ile alipotia saini yake? Hayo ndiyo yaliyokuwa yanafaa kujadiliwa na vijana wetu, ambao kesho na keshokutwa wataletewa karatasi kama zile. Mabaraza yetu, badala yake, yaligawanyika katika kambi mbili za matusi. Huku msaliti, huku shujaa. Waliomwita mwana wa nyumbani mwaka 2018 walimwita mtovu wa shukrani mwaka 2023, na sioni kwamba wengi wao waliwahi kuuona mkataba wenyewe. Mtu wa miaka 24 alibebeshwa maneno ya watu wa miaka 60. Mchezaji naye ana simu, ndugu zangu. Tunayoyasema barazani zamani yaliishia barazani. Leo kijana anarekodi, anatuma, na kabla ya usiku wa manane yamefika kwa mwenyewe na kwa mama yake.

Hili nalitilia mkazo kwa sababu wapo wanaosema kwamba kelele za mashabiki ni mchezo tu na hazimdhuru mtu. Si kweli. Kiongozi wa klabu ana masikio. Akisikia kwamba jina geni kutoka mbali huleta shangwe, na jina la kijana wa JKU huleta kimya, basi msimu ujao atatafuta jina geni, hata kama kijana wa JKU ni hodari zaidi na ni rahisi zaidi. Fedha zinatumika kununua shangwe ya usiku mmoja. Halafu ikifika Desemba, dirisha dogo, mgeni yule ambaye hakupewa muda wa kuizoea hali ya hewa wala chakula anaachwa, na sisi wale wale tunapiga makofi kwa anayekuja. Kwa namna hiyo shabiki, ambaye hana cheo chochote katika klabu, anakuwa mjumbe wa kamati ya usajili asiyehudhuria kikao wala kutia saini.

Nani angelituchagulia timu ya mwaka 2017 kama tungeliachiwa sisi kwa makofi yetu? Mwaka ule mwezi Machi CAF ilitupokea kuwa mwanachama kamili, na mwezi Julai ikatutoa. Watu walivunjika moyo. Mwezi Desemba kikosi cha Zanzibar Heroes, chini ya Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco, kilikwenda Kenya kwa Kombe la CECAFA, na hapakuwa na shamrashamra kubwa juu ya majina yaliyomo. Feisal, wakati huo kijana wa JKU, alikuwa mmoja wao. Wakawafunga Rwanda 3-1. Wakawafunga ndugu zao wa Tanzania Bara 2-1. Katika nusu fainali wakawatoa Uganda, mabingwa watetezi, kwa 2-1. Huko Machakos tarehe 17 Desemba walitoka 2-2 na wenyeji, na wakashindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Tangu ubingwa wa mwaka 1995 hatukuwa tumelikaribia kombe lile namna hiyo. Waliporudi, mji mzima ulitoka kuwapokea, na kila mtu alikuwa na jina lake la kulitaja. Baadhi ya majina hayo tulikuwa tumeyajifunza wiki mbili tu kabla.

Kwa hiyo naomba nitoe mapendekezo, nayo ni machache kwa makusudi, maana tukiwa na mengi tutayaundia kamati.

Klabu za Unguja nazo ziwe na usiku wao. Dirisha linapofungwa, klabu zote za ligi kuu zikutane jioni moja katika Uwanja wa Mao Zedong, Kikwajuni, ziwatambulishe wachezaji wao mmoja mmoja, mbele ya watu. Kila anayetajwa atajwe na mtaa au kijiji alichotoka, timu ya watoto iliyomlea, na michezo aliyocheza msimu uliopita. Atakayetaka kushangilia ashangilie. Atakayetaka kuguna aje aguna pale, mbele ya mtu mwenyewe, nasi tutaona kama mguno wake utakuwa mkali kama ule wa kwenye simu. Gharama yake ni kipaza sauti na viti. Watu wa kahawa watakuja bila kualikwa.

Jambo la pili nawaambia wenye mabaraza, hasa wazee, kwa sababu vijana huiga tunavyofanya. Jina jipya likitajwa, liandikwe katika karatasi pamoja na hukumu ya kila mmoja na jina la aliyeitoa, karatasi ibandikwe ukutani, na isitolewe mpaka mchezaji huyo amalize michezo kumi. Nimesikia kwamba lipo baraza moja limekwisha kuanza kufanya hivyo kwa mzaha, na kwamba ujuzi wa kutabiri umepungua pale kwa kiasi kikubwa.

La mwisho ni la viongozi wa klabu waliokaa mstari wa mbele. Kijana anapochukuliwa na klabu ya bara, tangazeni. Semeni ameondoka na mkataba wa miaka mingapi, klabu imepata nini, na fedha hiyo itanunua nini: mipira, viatu vya watoto, au nauli ya kwenda Pemba. Tunashangilia wanaoingia tu. Wanaotoka huondoka na meli ya alfajiri, na tunasikia habari zao wakiwa wamekwisha kuvaa rangi nyingine.

Dirisha dogo si mbali. Mwenyekiti ameniambia kuwa muda wangu umekwisha tangu nilipokuwa Marekani, na kwamba yapo maswali. Naona mkono wa mzee wa Malindi uko juu tangu nilipoitaja Mlandege. Nadhani tuanze na yeye.